4x4 Imekwama na Tairi Mbili Ndio Zinazunguka? Hivi Ndivyo Difu Inakuchezea Huko Chini

Hii lazima umewahi kuiona. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo Kinangop, na dabo kabini safi imeandikwa 4x4 ubavuni kwa herufi kubwa imelala kwa matope kama ng'ombe amechoka. Dere anakanyaga. Injini inalia. Tairi moja ya nyuma inarushia watu matope usoni, moja ya mbele upande ule mwingine inazunguka pia, na zile mbili zimebaki zimetulia tu kama wasee wanaangalia mechi kwa dirisha ya duka. Halafu boda inapita kando na gunia mbili za waru, inaenda zake.

Kila mtu pale anauliza swali moja: si hii ni 4x4? Ni 4x4, hakuna mtu alidanganywa. Hayo maandishi yanakuambia tu nguvu ya injini inaweza kufika kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Vile hiyo nguvu inagawanywa kati ya tairi ya kushoto na ya kulia ikishafika, hiyo ni kazi ya difu, na difu haijaandikwa mahali popote kwa mlango. Wasee wanalipa doo mingi kwa pikapu bila kuuliza iko na difu gani, halafu wanalipa tena trakta ya kuvuta. Tuichambue pole pole basi.

Difu iliwekwa hapo ya nini?

Ingia chini ya pikapu utaona bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Propela inaingia hapo, ndani kuna pinioni inasukuma kraun, na nguvu inageuzwa kwenda kushoto na kulia kupitia hafu shafti mbili. Pikapu ya 4x4 iko na bonge lingine mbele. Ndani ya hayo mabonge kuna gia ndogo ambazo mamek wanaita spaida, na hizo ndizo zinafanya maajabu.

Umewahi kuona gwaride la Madaraka Day likikata kona? Askari wa nje anatembea haraka, wa ndani anapiga mguu karibu palepale, ndio laini ibaki imenyooka. Tairi ni vile vile. Ukikata kona, tairi ya nje inasafiri mbali kuliko ya ndani. Kama zote mbili zingekuwa zimeshikanishwa na chuma kimoja, lazima moja ingeburutwa, raba iishe, na gari ikatae kugeuka vizuri. Spaida zinaruhusu moja ikimbie na nyingine ipunguze mwendo, huku zote zinaendelea kupata nguvu. Mfaransa mmoja fundi wa saa, Onésiphore Pecqueur, ndiye anatajwa kwa kusajili hii difu ya magari miaka ya 1820, akiwa anaitengenezea gari ya mvuke. Hiyo ni zamani kabla gari ya petroli ifikiriwe.

Kwa lami, hii kitu ni poa sana. Shida inaanza ukitoka lami.

Difu ya kawaida, ile wazi ambayo iko kwa pikapu nyingi, iko na sheria moja haivunji: inagawa nguvu ya kuzungusha sawa sawa, kushoto na kulia, kila saa. Inaonekana kama haki, si ndio? Sasa weka hesabu. Tairi ya kushoto iko kwa matope, na inaweza kubeba nguvu 10 tu kabla iteleze. Ya kulia iko kwa changarawe kavu na inaweza kubeba 100. Difu wazi haiwezi kupea kulia zaidi ya ile kushoto inabeba. Kwa hivyo kushoto inapata 10, kulia inapata 10, jumla 20, na pikapu yenye tani mbili haitoki kwa shimo na 20. Ukikanyaga zaidi? Kushoto inazunguka kwa kasi zaidi, jumla inabaki 20. Ile tairi iko pazuri imefungwa mikono na mwenzake mnyonge.

Na kuna kitu kingine. Kraun inazunguka kwa wastani wa tairi mbili. Tairi moja ikiwa imesimama kabisa, ile nyingine inazunguka mara mbili ya kraun. Maana yake, kwa pikapu ambayo mita ya spidi inasomea giaboksi, ukiona 40 na gari haijasonga hata inchi, ile tairi ya matope inakimbia kama gari iko 80. Spaida ziliumbwa kufanya kazi kidogo kidogo kwa kona, sasa unazichapa mbio mwisho. Dakika chache za hiyo kelele zinatosha kukula difu ambayo ingekaa miaka. Ndio maana mek akikuambia "uliikanyaga sana", haongei tu.

Ukiweka 4H, ni nini imeshikana na nini?

Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa, na sio makosa yao, hakuna mtu huwaeleza wakinunua gari.

Nyuma ya giaboksi kuna transfa. Kwa Hilux, D-Max, Land Cruiser 79 na pikapu nyingi tuko nazo hapa, ukiweka 4H transfa inashikanisha propela ya mbele na ya nyuma kabisa, zinazunguka pamoja. Hakuna difu katikati yao. Hiyo inasaidia: ekseli ya nyuma ikiteleza, ya mbele bado inavuta. Lakini kila ekseli bado iko na difu yake wazi. Kwa hivyo ili ukwame, unahitaji tairi moja tu ya mbele na moja tu ya nyuma zipoteze mshiko. Mara nyingi zinakuwa zile za kona tofauti, mbele kushoto na nyuma kulia, kwa sababu gari ikivuka mtaro ikiwa imeinama hizo mbili ndizo zinaning'inia hewani. Unabaki na tairi mbili chini, zina mshiko mzuri kabisa, na hazipati kitu.

Kuna gari zingine huwa 4x4 kila saa, au ziko na gia ya kuruhusu hivyo. Mitsubishi Triton zenye Super Select ni mfano. Hizo ziko na difu ya tatu, katikati ya mbele na nyuma, ndio uweze kuendesha 4x4 kwa lami bila shida. Sasa fikiria: kama hiyo ya katikati ingekuwa wazi kabisa bila kitu cha kuibana, tairi moja tu ikiteleza, moja kati ya nne, inaweza kunyima zote. Ndio maana iko na gia ya kufunga katikati. Kwa Triton utaona 4HLc na 4LLc, hiyo Lc ndiyo difu ya katikati imefungwa. Ukiingia matope na 4H pekee kwa hiyo gari, hujamaliza kazi.

Kwa zile ambazo hazina difu ya katikati, usiendeshe 4H kwa lami kavu. Ukikata kona, tairi za mbele zinasafiri mbali kuliko za nyuma, na hakuna mahali pa hiyo tofauti kwenda. Gari inakuwa nzito, inarukaruka, inakataa kutoka gia. Kwa matope tairi zinateleza kidogo na tofauti inaisha. Kwa Thika Road haina pa kuishia, inaishia kwa transfa yako.

Halafu habu. Land Cruiser 79 nyingi, na pikapu za zamani, ziko na habu za kuzungusha kwa mkono katikati ya tairi za mbele, zimeandikwa FREE na LOCK. Wasee wengi wanaona hiyo LOCK wanadhani wako na difloki. Hapana. Hiyo habu inashikanisha tu tairi na hafu shafti yake. Ukisahau iko FREE, unaweza kuweka 4H mpaka kesho na tairi za mbele hazitavuta hata kidogo. Ukiweka LOCK, zinavuta, lakini kupitia difu wazi vile tumesema. Habu ni ya kuunganisha, difloki ni ya kufunga kushoto na kulia. Ukinunua gari na muuzaji akuambie "iko na loki", muulize ni loki gani.

Na 4L? Hiyo ni gia ndogo. Inaongeza nguvu na kupunguza mwendo, tamu sana kwa kupanda mawe na kushuka mlima. Kwa difu wazi haibadilishi ile hesabu ya 10 na 10, kwa sababu shida hapo haikuwa injini kukosa nguvu.

Difu zingine: ya kubana nusu, ya kompyuta, na ya kufunga kabisa

Watengenezaji wanajua hii shida, na wameitatua kwa njia tofauti, zingine za bei rahisi na zingine za bei ya kulia.

Ya kwanza ni LSD, ile ya kubana nusu. Ndani yake kuna sahani za klachi, ama gia za kujibana, ambazo zinakataa tairi moja ikimbie sana kuliko mwenzake. Badala ya 10 na 10, inaweza kukupa 10 na 25, hivi. Inasaidia kwa murram ya kuteleza na haikusumbui kwa lami. Lakini tairi ikiwa hewani kabisa, inabeba karibu sufuri, na LSD nyingi zinakuwa karibu kama difu wazi hapo. Zile za sahani pia zinaisha. Pikapu ya miaka kumi na tano imebebeshwa kokoto maisha yake yote, hiyo LSD inawezekana ni jina tu limebaki. Pia zinataka mafuta yake maalum. Mek akimwaga mafuta ya difu ya kawaida humo ndani, sahani zinaanza kulia kila kona.

Kuna ile hila ya handbreki madere wa zamani wanaapa nayo: tairi inazunguka, unavuta handbreki kidogo, gari inatoka. Kwa LSD ya gia za kujibana inafanya kazi kweli, kwa sababu breki inapea ile tairi mnyonge kitu cha kusukumana nacho, na LSD inazidisha hicho kitu upande wa pili. Kwa difu wazi, handbreki inabana tairi zote mbili za nyuma. Kile unaongezea upande mmoja, breki inakula upande mwingine. Ukiona imefanya kazi kwa difu wazi, pengine ni kwa sababu ilikulazimisha ukanyage mafuta pole pole, na hiyo pekee ni dawa.

Ya pili ni trakshoni kontroli, ya kompyuta. Hii ndio iko kwa pikapu nyingi mpya. Sensa inaona tairi moja inakimbia, breki inashika hiyo tairi peke yake, na difu wazi inadanganywa idhani tairi imepata mshiko. Difu inapeleka nguvu sawa upande wa pili. Ni akili sana, na haihitaji chuma kipya. Shida zake ni mbili. Lazima tairi ianze kuteleza ndio ishtuke, na kwa matope ile sekunde ya kuteleza ndiyo inachimba shimo. Pia inakula breki, na breki zikipata moto sana mfumo unajipumzisha. Dere asiyejua anafanya kosa kubwa hapa: akisikia ile kelele ya krrr krrr chini, anashtuka na kuachilia mafuta. Kaza mguu palepale, usiongeze usipunguze, uipe nafasi ifanye kazi yake.

Ya tatu ni difloki. Hii haibembelezi mtu. Inafunga kushoto na kulia ziwe chuma kimoja, zizunguke pamoja zitake zisitake. Turudi kwa hesabu: kushoto inabeba 10, kulia inabeba 100. Ukifunga, kushoto inapata 10 yake, kulia inapata hadi 100 yake, jumla 110. Kutoka 20 hadi 110 kwa swichi moja. Tairi moja ikiwa hewani inapiga upepo, haijalishi, ile iko chini inapata kila kitu.

Pikapu nyingi zenye difloki ya kiwandani ziko na moja tu, ya nyuma. Hilux iko nayo kwa matoleo kadhaa, Ford Ranger pia. Land Cruiser 79 inaweza kuja na mbele na nyuma. Mahindra wana pikapu zenye difloki ya nyuma inayojifunga yenyewe tairi ikianza kukimbia, bila swichi. Zingine ni za umeme, na zile watu wa safari huongeza wenyewe mara nyingi ni za hewa, kama za ARB wa Australia, ambazo zinatumia kompresa ndogo. Kwa dashibodi tafuta swichi yenye mchoro wa ekseli mbili na alama ya X kwa ile ekseli inayofungwa. Usipoiona, usikubali hadithi ya muuzaji, isipokuwa gari ni ya zile zinajifunga zenyewe.

Kutumia: funga kabla hujaingia, ukiwa umesimama ama unatambaa. Usibonyeze tairi ikiwa inazunguka mbio, utasikia mlio na hutaupenda. Kwa pikapu kadhaa swichi haikubali mpaka uwe 4L, kwa hivyo soma ile kitabu imelala kwa dashibodi. Songa mbele kidogo mpaka taa iache kuwaka na kuzima, hapo imefunga. Na ukitoka, fungua. Difloki kwa lami ni kama kuvaa gambuti kwa dansi, kila kona inakuwa vita. Ile ya mbele ni hatari zaidi, usukani unakuwa mzito ghafla na gari inataka kwenda mbele tu hata kama umekata. Ukikata usukani mpaka mwisho na kukanyaga huku mbele imefungwa, unaweza kuvunja hafu shafti ama jointi zake.

Black cotton haina rafiki

Sasa tuseme uko na kila kitu. Difloki mbele, nyuma, habu LOCK, 4L. Ingia black cotton ya Kitengela mwezi wa nne uone.

Ule udongo mweusi unavimba ukinyonya maji. Juu unakuwa kama sabuni, na unajaza meno ya tairi mpaka tairi ya matope inakuwa laini kama ya gari ya kwenda kanisani. Hapo tairi zote nne zinabeba 10. Difu wazi inakupa 40, difu zilizofungwa zinakupa 40. Difloki haitengenezi mshiko, inatumia tu ule uko. Kama hakuna, hakuna.

Na wakati mwingine difloki inakuharibia zaidi. Barabara zetu za udongo zimejengwa zikiwa na mgongo katikati na mtaro kila upande. Ukiwa na difu wazi na tairi moja ya nyuma iteleze, ile nyingine inazunguka pole pole na inashikilia mkia wa gari usiende. Ukifunga, zote mbili zinateleza kwa pamoja, hakuna ya kushikilia, na mkia unashuka kwa mtaro pole pole huku wewe unaangalia tu kwa kioo. Wasee wa Kajiado na Narok wanajua hii. Kwa barabara imeinama na inateleza, mara nyingi ni afadhali difloki izimwe, uende na 4H, mguu mwepesi, mwendo usiokatika. Weka difloki kwa shimo, mtaro, mawe na ngazi, mahali tairi moja inapoteza chini na nyingine iko sawa.

Mchanga ni story tofauti. Kwa laga za Turkana ama kando ya Chalbi huko Marsabit, tairi zote zinazama sawa, kwa hivyo difu sio shida ya kwanza. Ya kwanza ni upepo wa tairi. Shusha kutoka 35 hivi hadi 18 ama 20, tairi inalala na kupanuka, gari inaelea. Msee aliye na difu wazi na tairi ameshusha atakupita wewe na difloki zako na tairi ngumu kama jiwe. Beba pampu ya kurudisha upepo kabla urudi lami, ama tairi itapata moto na kupasuka.

Ukitaka kuona difu zikifanya kazi mpaka mwisho wa uwezo, nenda uone Rhino Charge. Inafanyika tangu 1989 kuchangia Rhino Ark, ile pesa ilisaidia kujenga ua wa Aberdare. Magari yanapewa vituo 13 na masaa 10, na mshindi ni yule amefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Mbio haikusaidii. Utaona gari imeinua mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma juu ya mawe, imetulia hapo hewani, halafu inatambaa mbele polepole bila tairi kupiga kelele. Hiyo ni difloki mbele na nyuma. Gari ya difu wazi kwa hiyo hali ingekuwa inapunga miguu hewani.

Umekwama na difu wazi: fanya hivi

Watu wengi wetu hatuna difloki, na hakuna pesa ya kuongeza. Sawa. Kumbuka ile sheria: upande mzuri unapata tu kile upande mnyonge unabeba. Kwa hivyo mnyonge ndiye wa kulishwa. Acha kuweka mawe chini ya tairi ambayo imekaa vizuri. Peleka mawe, matawi, gunia, hata ile kapeti ya gari, chini ya tairi inayozunguka. Kila kidogo unaiongezea inahesabiwa mara mbili, kwa sababu mwenzake anapata sawa. Ikitoka 10 hadi 30, jumla inatoka 20 hadi 60.

Vile vile uzito. Pikapu tupu iko nyepesi nyuma, ndio maana inacheza. Panga mzigo ama mawe juu ya kona ya tairi inayozunguka. Watu wakipanda, wakae ndani ya bodi wakishikilia, na asisimame mtu nyuma ya tairi, mawe yanaruka kama risasi. Halafu gia ya pili, mafuta kidogo. Ikianza kuzunguka, wacha mara moja, rudi na reverse kwa alama zako ukiweza. Umeshakanyaga mara tatu na bado? Toa jembe. Angalia pia lile bonge la difu, pengine limekaa juu ya udongo kama kiti na tairi zinaning'inia tu. Hakuna difu ya dunia hii itakutoa hapo kabla uchimbe chini yake.

Kabla ununue ile pikapu ya mkono wa pili

Kujua difu ya nyuma ni gani bila kufungua: weka mawe kwa tairi za mbele, inua nyuma yote kwa jeki na uweke stendi za kweli, usiingie chini ya jeki peke yake. Zima injini, weka gia, achilia handbreki. Zungusha tairi moja kwa mkono. Nyingine ikizunguka kinyume kwa urahisi, mara nyingi hiyo ni difu wazi. Ikikataa ama ikiwa ngumu, kuna LSD na bado iko hai. Kama iko na swichi ya difloki, washa gari, funga, zima injini lakini funguo ibaki ON, na ujaribu: tairi hazipaswi kupishana kabisa. Difloki isiyotumiwa miaka mingi inaweza kukwama, na muuzaji atakuambia "ni fyuzi tu".

Fungua kizibo cha difu uangalie mafuta. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hii inatokea sana kwa gari zinazovuka mito: difu ikiwa moto inaingia maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na inanyonya maji kupitia mabomba ya kupumua ama sili zilizoisha. Chuma ndogo ndogo zinazong'aa kwa mafuta? Hapo punguza bei sana ama ondoka.

Mwisho, na hii imekula wengi: difu iliyobadilishwa. Ya nyuma ikivunjika, mwenye gari anaenda Kirinyaga Road, anapata nyingine imetoka Japan, inaingia vizuri, gari inatembea sawa. Kwa 2H hutajua kitu. Lakini kama ya mbele ni 4.1 na hiyo mpya ya nyuma ni 3.9, siku utaweka 4H mbele na nyuma zitavutana kila mita, hata ukienda moja kwa moja, mpaka transfa ikubali kuvunjika. Kupima ni bure. Weka mawe kwa tairi zingine, giaboksi iwe nyutro, inua tairi moja tu ya nyuma na uweke stendi. Chora alama ya chaki kwa propela na kwa tairi. Zungusha tairi mara 20 huku rafiki yako anahesabu propela. Kwa sababu tairi moja imesimama na moja inazunguka, mara 20 za tairi ni mara 10 za kraun, kwa hivyo 4.1 itakupa 41 na 3.9 itakupa 39. Fanya hivyo mbele pia, habu zikiwa LOCK na transfa ikiwa 2H. Namba mbili zikikosa kufanana, usiguse 4H ya hiyo gari hata kwa kuijaribu hapo yadi.